Je, Wajua? Panya Aliyekosa Wiki Moja Kutimiza Miaka Mitano

Je, wajua kuwa panya mdogo wa maabara, hata akilishwa vizuri na bila paka wa kumvizia, kwa kawaida huishi miaka miwili na ushei, na akijaliwa sana mitatu? Basi katika maabara ya Andrzej Bartke, Southern Illinois University huko Marekani, mmoja alifikisha siku 1,819. Alikufa Januari 2003, wiki moja kabla ya kutimiza miaka mitano.

Hakupewa dawa wala lishe ya ajabu. Kilichomtofautisha ni jeni moja iliyozimwa, ile inayotengeneza kipokezi cha homoni ya ukuaji. Homoni yenyewe ilijaa tele katika damu yake, ila seli hazikuisikia. Ini likikosa amri hiyo hutoa kiasi kidogo sana cha IGF-1, homoni inayousukuma mwili ukue. Anayezaliwa hivyo huwa kibete, ana mafuta kiasi, lakini insulini yake hufanya kazi barabara na saratani humchelewa.

Vibete wa jamii hii wanajulikana zamani. George Snell, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1980 kwa kazi nyingine kabisa, aliwaeleza wa kwanza mwaka 1929. Kwa miaka mingi walikufa mapema, hata wataalamu wengine wakadai kuwa wanazeeka upesi. Kumbe walikuwa wanatunzwa vibaya! Mwaka 1996 Holly Brown-Borg, Bartke na wenzao walipima umri wa vibete wa Ames, walioitwa kwa jina la mji mmoja wa jimbo la Iowa. Madume waliwapita ndugu zao kwa karibu mwaka mzima, majike kwa mwaka na miezi mitatu hivi.

Uhai huo una gharama. Wengi wao ni wagumba, na baridi huwatesa, hivyo watafiti huwaweka kizimba kimoja na panya wa kawaida ili wapate joto la kuazima. Gharama hiyo ilionekana wazi zaidi kwa panya wengine, wasio na protini iitwayo p66Shc. Mwaka 1999 watafiti wa Italia walitangaza kuwa panya hao huishi asilimia 30 zaidi. Baadaye panya wa aina hiyo waliachiwa pamoja na wa kawaida katika uwanja wa wazi huko Urusi, wagombee chakula na kuikabili baridi ya huko. Waliokosa protini hiyo ndio waliotangulia kufa. Mimi tangu nisome habari hiyo, nikiambiwa kuna "jeni ya maisha marefu" huuliza kwanza: marefu wapi?

Je, wajua pia kuwa jeni moja ikiharibika uzee huweza kuja mbio? Mwaka 1997 Makoto Kuro-o na wenzake wa Japani waliieleza jeni ya Klotho. Panya aliyeikosa alikuwa na mishipa migumu na mifupa dhaifu, na alikufa akiwa na miezi miwili hivi. Aliyezidishiwa aliishi zaidi ya kawaida.

Na chakula je? Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya panya majike 960, kila mmoja na urithi wake wa jeni. Walioachiwa kula watakavyo waliishi wastani wa miezi 25. Waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 walifika miezi 34. Hata hivyo, nasaba ilieleza tofauti za umri mara tatu zaidi ya lishe. Tena, miongoni mwa waliopunguziwa, waliokonda zaidi ndio waliokufa mapema. Wanaojinyima kula wakijisifia mizani wanaweza kulitafakari hilo.

Afrika Mashariki nayo imo. Fuko asiye na manyoya, mkazi wa chini ya ardhi ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ana ukubwa unaokaribia wa panya lakini huweza kupita miaka 30. Mwaka 2023, Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa University of Rochester walieleza jinsi walivyowapandikiza panya jeni ya fuko inayotengeneza asidi ya hayaluroniki kwa wingi. Umri wao uliongezeka kwa asilimia 4.4 hivi tu. Lakini saratani iliwapungukia na miili yao ilizeeka ikiwa na afya zaidi, na kwangu hilo linazidi uzito zile siku za nyongeza.