Taimingi ya Lori Kuukuu: Fundi wa Kiloleli, Mashine ya Mwanza au Pampu ya Mtumba?

Bedford iliyostaafu jeshini hainunuliwi kwa sura. Inanunuliwa kwa sababu inavuta kwa magurudumu yote, chasisi yake ni ngumu, na injini haina kompyuta ya kumshinda fundi wa kijijini. Jeshi la Uingereza lilikuwa nazo kwa wingi, na zilipoacha kazi zikauzwa. Miaka ya 1980 vijana wa Ulaya walivuka Afrika Mashariki wakiwa nyuma ya malori ya aina hiyo. Kwa mtu wa hapa Kiloleli anayesomba pamba kutoka ghala la chama cha ushirika (AMCOS) kwenda kiwandani, lori la namna hii bado lina kazi. Tatizo ni kwamba General Motors iliuza kiwanda chake cha malori ya Bedford mwaka 1987, na kampuni iliyokinunua ikaanguka mwaka 1992. Spea zipo, lakini ni za kutafuta. Kwa hiyo lori linapoanza kutoa moshi mweupe asubuhi na kukosa nguvu mchana, swali la nani aiguse pampu ya dizeli ni swali la fedha kabla halijawa la ufundi.

Tupime gharama kwa lita. Chukua mfano wa lori linalokunywa lita 30 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 1,000 kwa wiki. Hizo ni lita 300. Ikiwa taimingi iliyochelewa, yaani pampu kusukuma dizeli kwenye silinda baada ya wakati wake, inapoteza sehemu moja tu ya kumi, zimeondoka lita 30 kila wiki, na kwa wiki sita za msimu ni lita 180. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Fundi akikutajia bei yake, igawe kwa bei ya lita moja, kisha ulinganishe na hizo 180. Ukishafanya hesabu hiyo, bei nyingi zinazotisha hazitishi tena, na chache zilizoonekana rahisi zinaanza kutia shaka.

Chaguo la kwanza ni fundi wa hapa hapa. Mimi naliweka mbele, kwa sharti moja: pampu iwe ile ya mstari, ambayo mabomba yake ya kwenda kwenye nozo yametoka juu yamepangana kama safu ya askari. Ile ambayo mabomba yanatoka kuzunguka kichwa cha duara ina utaratibu wake wa alama na gegi, na njia ninayoieleza hapa haiihusu. Pampu ya mstari hutegwa kwa kuangalia dizeli yenyewe. Fundi huizungusha injini kwa mkono mpaka silinda namba 1 iwe kwenye mgandamizo. Namba 1 na namba 6 hupanda juu pamoja, kwa hiyo asipotazama valvu anaweza kutega kwenye silinda isiyo yake. Anafungua kishikio cha valvu ya kwanza ya pampu, anatoa valvu na springi yake, anarudisha kishikio na kufunga juu yake kibomba kilichopinda. Mkono wa kuzimia injini uachwe kwenye nafasi ya kuwaka. Sasa anasukuma dizeli kwa kipampu cha mkono huku mwenzake akizungusha injini taratibu, kwa uelekeo wake wa kawaida. Mtiririko unapungua, unakuwa matone, matone yanakaribia kukatika. Hapo ndipo plunja imefunga tundu, na hapo ndipo alama ya flaiwili inasomwa. Akipitiliza, arudi nyuma robo mzunguko na kuja upya, kwa sababu meno ya gia yana ulegevu.

Kazi hiyo inataka spana, kibomba, watu wawili na asubuhi tulivu. Haitaki umeme. Kurekebisha ni kulegeza boliti za pampu na kuigeuza kidogo: kinyume na mzunguko wa shafti yake ni kuwahisha, kufuata mzunguko ni kuchelewesha. Kidogo maana yake kidogo kweli. Pampu huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili, hivyo digrii 1 ya pampu ni digrii 2 za krenki. Kwenye flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 40, digrii 2 ni milimita 7 tu. Fundi anayetega kwa sikio, akigeuza mpaka injini "iimbe vizuri", mwepuke. Injini iliyowahishwa kupita kiasi huwa na mlio mkali unaowafurahisha wengi, na baadaye huunguza pistoni.

Swali ambalo fundi mzuri huanza nalo ni hili: "Mzee, pampu hii ilishawahi kufunguliwa?" Pampu iliyokazwa vizuri haihami yenyewe. Kama hakuna aliyeigusa na lori limebadilika, tazama kwanza filta, hewa inayoingia kwenye mabomba, boliti za kiungo cha pampu, na nozo. Springi ya nozo iliyochoka hufunguka mapema na kumwaga badala ya kunyunyiza, na dalili zake hufanana na za taimingi mbaya.

Chaguo la pili ni Mwanza, kwenye karakana zenye mashine ya kupimia pampu. Mashine hiyo hupima kama kila plunja inatoa kiasi sawa na wenzake na kama gavana inakata mafuta panapostahili. Hayo fundi wa kibomba hayaoni. Ila hapa ndipo wenye malori wengi wanapolipa mara mbili: mashine inaipima pampu ikiwa mezani, haigusi injini yako. Pampu ikirudi, taimingi bado inategwa upya kwenye lori, na mtegaji ni yule yule wa nyumbani. Kwa hiyo bei ya Mwanza si mbadala wa bei ya Kiloleli, inajumlishwa juu yake. Nenda ikiwa moshi mweusi unabaki baada ya taimingi na nozo kuwa sawa, au injini inatetemeka kama silinda moja imelala. Wala usiliendeshe lori mpaka huko. Pampu hubebwa na mtu mmoja, inasafiri kwa basi; ziba matundu yake yote kwa plastiki safi. Peleka nozo pamoja nayo, maana pampu iliyopimwa ikifungiwa nozo mbovu ni fedha iliyomwagwa.

Pampu ya mtumba siipendi. Huwezi kuiona plunja kwa macho, na mara nyingi utailipia mashine hiyo hiyo. Ina maana pale tu pampu yako imechakaa ndani, hasa kama lori limewahi kunyweshwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo ndio uliofanya Serikali ianze kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Plunja hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Usidanganywe na sifa ya Bedford MK kwamba injini yake ya jeshi ilitengenezwa kutumia mafuta ya aina nyingi. Hiyo ilikuwa ruhusa ya vitani.

Kubadili injini nzima, kuweka ya Isuzu au Fuso, ni mradi mwingine kabisa: vishikio, kiungo cha giaboksi, rejeta, na namba mpya ya injini ya kupeleka TRA ili kadi ya gari isipingane na chuma kilichomo.

Malipo yapangwe kabla spana haijashikwa. Sehemu ilipwe kazi ikikamilika, iliyobaki ilipwe lori likishawashwa asubuhi ya pili likiwa limepoa, kisha likapanda mwinuko na mzigo. Na kabla ya kuondoka, fundi apige patasi mstari mmoja mwembamba kuvuka pampu na kitako chake, ili atakayefuata ajue ilipoachwa.