Mtoto wako anakwenda shule kwa baiskeli? Mvishe hivi msimu wa mvua

Mbeya/Iringa. Katika Nyanda za Juu Kusini, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa mwanafunzi anayeendesha baiskeli, hiyo ni karibu nusu mwaka ya kuloa, tena kwenye baridi ya asubuhi.

Wazazi wengi hufikiria koti la mvua pekee, lakini nguo ya ndani ina uzito uleule. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa. Shati la pamba likiloa hung’ang’ania ngozi na huchelewa kukauka. Akishuka mteremko, upepo huongeza baridi, vidole hufa ganzi na breki hazishikiki vizuri.

Mvalishe ndani fulana nyepesi inayokauka haraka, kama jezi ya mpira. Juu yake avae sweta, hasa la sufu, ambalo hutunza joto hata likipata unyevu. Koti lije mwisho, lenye zipu ya kufungua anapopanda mlima, maana jasho nalo humlowesha. Glovu zisisahaulike.

Epuka koti pana lisilo na mikono. Hunasa kwenye spoki. Mwavuli usitumike kabisa, kwani humwachia mkono mmoja wa kuendeshea. Chagua rangi ya njano au chungwa ili madereva wamwone kwenye ukungu, hasa barabara kuu ya Tanzania–Zambia yenye malori mengi.

Mguu wa suruali upande wa mnyororo ukunjwe na kufungwa kwa mpira. Msichana avae suruali njiani, sketi aibebe. Kandambili huteleza kwenye pedali. Raba kuukuu ni salama zaidi.

Soksi, viatu na sweta la akiba vifungwe kwenye nailoni ndani ya begi, abadilishe akifika shule.

Mafua huletwa na virusi, si mvua. Hatari ya kuloa ni joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi. Mtoto akitetemeka sana, akiongea kwa kukokota maneno au kupepesuka, mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike blanketi kavu na, kama yuko macho na anameza vizuri, mpe uji au chai ya vuguvugu. Akisinzia au akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, mwahishe kituo cha afya.