Amotisa za mashine ya kufulia: ubadilishe, uvumilie au ununue nyingine?

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ikianza kuruka na kutembea sakafuni wakati wa kukamua, wengi huitangaza kuwa imekufa. Hapa Luberizi, katika bonde la Ruzizi, hukumu hiyo ni ghali, kwa sababu kuifikisha ilikuwa kazi: meli hadi Dar es Salaam, nchi kavu hadi Kigoma, ziwa hadi bandari ya Kalundu mjini Uvira, kisha lori la barabara namba 5 kupitia Kiliba na Sange, au njia ya Bujumbura na Kavimvira. Kabla ya kuitoa kwa bei ya chuma chakavu, zitazame kwanza amotisa zake.

Pipa linaloshika maji limening'inizwa kwa springi juu, na chini limeshikwa na amotisa mbili, katika mashine nyingine tatu au nne. Springi zinabeba uzito. Amotisa zinalizuia pipa lisiendelee kucheza. Kazi hiyo si ndogo, maana pipa limefungiwa tofali zito la zege, na ngoma iliyo ndani yake huzunguka mara 1,000 au 1,200 kwa dakika huku nguo zilizolowa zikielemea upande mmoja. Tofauti na amotisa ya pikipiki, hizi nyingi hazina mafuta ndani. Ni bomba na fimbo, na kati yake utepe wa sponji uliopakwa grisi maalumu ya kuleta msuguano. Utepe ukiisha, fimbo inateleza bure.

Barabara zetu zinauharakisha uchakavu huo. Mashine mpya hutoka kiwandani na boliti ndefu za safari mgongoni, kwa kawaida tatu au nne, zinazolikaza pipa lisicheze njiani. Mwenye mashine wa kwanza huzitoa akaziweka kabatini, na siku ya kuuza hakuna anayezikumbuka. Kuanzia hapo kila shimo la njiani linazipiga amotisa na springi. Kinyume chake pia hutokea: boliti zimebaki ndani, mashine inawashwa, nyumba nzima inatikisika, na vipuri vizima vinabadilishwa bure. Kwa hiyo anza kwa kukagua mgongo wa mashine. Hakugharimu kitu.

Kisha chomoa umeme, fungua mlango, ikandamize ngoma chini kwa nguvu na uiachie ghafla. Inatakiwa ipande na kutulia papo hapo. Ikiyumba mara mbili tatu, amotisa zimechoka. Usiishie hapo: inyanyue ngoma kwa mkono, halafu izungushe polepole. Ikilegea ndani ya pipa na kunguruma, ugonjwa ni beringi, na hesabu inageuka kabisa, kwa sababu mapipa ya mashine nyingi za siku hizi yameunganishwa kiwandani yasifunguke. Beringi ikifa, mara nyingi unatakiwa kununua pipa zima. Angalia pia kama miguu minne imekaa sawa, kama tofali la zege limelegea, na kama springi imechomoka kwenye ndoano yake. Na blanketi moja zito likifuliwa peke yake huweza kuirusha hata mashine mpya.

Uhakika kamili unapatikana amotisa ikiwa mkononi. Funga bomba la maji, mwaga maji yaliyobaki kupitia kichujio cha pampu, kisha fundi achomoe pini za juu na chini. Ivute na uisukume: nzima hukataa kwa nguvu ileile kwenda na kurudi, iliyokufa huteleza kama bomba la sindano tupu. Kwenye mwili wake huwa pameandikwa nguvu yake, kwa mfano 80N, 100N au 120N. Namba hiyo, urefu kutoka tundu hadi tundu na unene wa pini ndivyo vya kupeleka dukani, pamoja na picha ya kibandiko chenye modeli ya mashine. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwani kampuni moja hutumia amotisa za aina nyingi. Badilisha zote kwa pamoja. Mpya ikifungwa na iliyochoka, pipa litaendelea kuelemea upande mmoja. Fundi akitaka kuifufua ya zamani kwa oili au grisi ya gari, mkatalie: atakuwa anaondoa msuguano uleule unaoutafuta.

Sasa bei. Maduka ya mtandaoni ya Ulaya huuza jozi ya amotisa za nakala kwa takriban dola 15 hadi 30, na za asilia mara mbili ya hapo au zaidi. Mashine mpya ya kilo 7 ya bei nafuu, Nairobi au Dar es Salaam, ni kama dola 300, kabla ya ziwa, forodha na lori. Tuseme umenunua nakala ya dola 30, nauli ya kifurushi imekula 30 nyingine, na fundi amechukua 20: jumla 80. Kwa maoni yangu nakala yenye namba sahihi inatosha nyumbani. Nyumba ya wageni au kituo cha afya kinachofua mashuka kila siku kinunue asilia, kwa kuwa hasara ya kusimama inazidi tofauti ya bei.

Amotisa ya kuokota kwenye mashine iliyokufa ni rahisi kuliko zote, ila unanunua uchakavu wa mwenzio. Ichukue tu ikiwa namba zinalingana na umeivuta kwa mkono wako.

Kuvumilia nako kunawezekana kwa muda. Punguza kasi ya kukamua hadi 600, uliachie jua la bonde la Ruzizi limalize kazi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti nguo hukauka upesi. Lakini ukiiacha izunguke kwa kasi yote, pipa litagonga bodi, litachuna nyaya, litachana mpira wa mlango na kuzichosha beringi. Tatizo la dola 80 litakuwa la zaidi ya dola 300.

Kwa familia ndogo inayotegemea jenereta ya petroli, nasema wazi: usiweke pesa hapa. Mzunguko mmoja huweza kuchukua saa mbili na lita 50 hivi za maji. Mlipe vizuri mama anayefua kwa beseni. Mwenye umeme unaoaminika na nguo nyingi abadilishe amotisa mwezi huu.

Nawe unayekwenda Uvira kununua mashine iliyotumika, ikandamize ngoma kabla ya kutoa pesa. Ikiyumba, punguza kwenye bei gharama ya jozi na ya fundi. Ikinguruma, iache dukani.