KITUO CHA GARI ZA ABIRIA NA MSAFIRI WA BUBUBU

Kituo cha kubadilishia gari ni mahali ambapo msafiri hushuka chombo kimoja na kupanda chengine. Ubora wake hupimwa kwa hatua anazotembea, nauli anayoongeza na muda anaosubiri.

Wakaazi wa Bububu wanalielewa jambo hili tokea zamani. Mwaka 1905 ilifunguliwa reli ya kiasi cha maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na msafiri alifika Mji Mkongwe kwa chombo kimoja. Reli hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye gari nambari 502 zikawafikisha abiria Darajani, karibu na soko. Baada ya mwaka 2020, kituo cha Darajani kilipisha ujenzi wa maduka na gari zikahamishiwa Kijangwani. Mwenye mzigo wa sokoni akaongezewa mwendo.

Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016. Vituo vyake vilijengwa ili tiketi ikatwe kabla ya kupanda, na jukwaa liwe sawa na sakafu ya basi, hata mzee aingie bila ya ngazi.

Kwa hivyo, jengo jipya pekee halitoshi. Msafiri anahitaji kivuli, vyoo, njia salama ya miguu na gari ya kumfikisha sokoni. Yakikosekana hayo, gharama ya uhamisho huilipa yeye. Wananchi wanakumbushwa kuwasilisha mahitaji hayo kwa Masheha wao mapema, wakati ramani ingali karatasini.