Mzigo wa Ahamiaye Ng'ambo

Wengi wetu hapa Kasenga tuna ndugu ng'ambo. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi ziwa hadi Kigoma, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu. Na kutoka huko jamaa nyingi zimehamia Marekani. Je, ahamiaye achukue nini?

Mara nyingi sanduku la ndege halipaswi kuzidi kilo 23. Basi, masufuria yabaki. Koti zito livaliwe mwilini, lisiongeze uzito. Nguo za kubadili za watoto ziwe katika mfuko wa mkononi, maana sanduku huweza kuchelewa. Hati za safari, vyeti na picha za wazazi tusizitie sandukuni kamwe: nguo hununuliwa tena, bali picha ya marehemu hainunuliwi. Tena kitenge kimoja kipate nafasi, watoto wasisahau kwao.