Malengo Mengi, Mwili Mmoja: Namna ya Kupanga Mazoezi

Mgonjwa wa kisukari aina ya pili huondoka kliniki na maagizo matatu: apunguze uzito, aimarishe moyo, ajenge misuli. Akiyaandama yote kwa pupa, huchoka, huumia na hatimaye huacha mazoezi kabisa.

Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson wa Marekani alichapisha matokeo ya majuma 10. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu siku 5 kwa juma. La pili lilikimbia na kuendesha baiskeli siku 6. La tatu lilifanya yote mawili. Kundi la tatu lilipata ustahimilivu sawa na la pili, lakini nguvu za miguu yake, zilizopanda mwanzoni, zilisita na kushuka katika majuma ya mwisho.

Mgonjwa wa kawaida hahitaji mzigo wa namna hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima, wakiwemo wenye kisukari na shinikizo la juu la damu, kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Kwa kiasi hiki malengo husaidiana, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu.

Mfano wa mpango ni kutembea kwa haraka dakika 30, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumanne na Ijumaa huongezwa mazoezi ya misuli: kuinuka kitini bila kujishika, kusukuma ukuta, kunyanyua dumu dogo la maji bila kubana pumzi. Siku mazoezi mawili yanapokutana, lenye umuhimu zaidi hutangulia. Mzee ambaye miguu yake imedhoofika huanza na misuli. Uzito wake utategemea sana chakula.

Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu mfukoni. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kutafuta matibabu.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu wake. Kabla ya kuandika maagizo, amwulize mgonjwa ni jambo gani linalomsumbua zaidi katika maisha ya kila siku. Jibu hilo ndilo lipewe nafasi ya kwanza katika mpango. Mengine yatunzwe kwa kiasi, hadi zamu yake ifike.