Ordinatere inachunga kazi yenyewe, lakini inachunga na makosa

Ndugu msikilizaji, wewe unayetusoma leo kwenye telefone, pengine unakumbuka siku zile. Umekaa mbele ya ordinatere tangu saa mbili ya asubuhi, unaandika stoki ya depo: manjanja, misumari, simenti, rangi. Kufika saa tano, umeme unakatika. Batri ya ordinatere ilikufa zamani, basi kioo kinakuwa nyeusi pale pale. Umeme ukirudi, unafungua faili na unakuta ni ya jana. Kazi yote ya asubuhi imeenda, na lori ya bidhaa inangoja mlangoni.

Leo mambo yamebadilika. Depo nyingi na butiki zimeacha kaye, zinaandika kwenye tablo ya Google ao ya Excel, na hakuna tena mtu wa kukumbusha "umebonyeza Enregistrer?" Programu inachunga yenyewe. Kwa miji yetu yenye delestaji kila siku, hiyo ni baraka, hatutasema kinyume.

Lakini kuna swali ambalo wafanya biashara wadogo hawajiulizi mapema: kama mashine inachunga kila kitu nilichoandika, ni nani anayeitazama mbele haijachungwa? Na pale ambapo mashine ingine inasoma tablo ile na kutuma mesaji kwa wateja, swali linakuwa nzito zaidi. Ndiyo maana tumeandika makala hii.

Kwanza: kazi inachungwa wapi?

Watu wengi wanafikiri kuhifadhi kwenyewe ni kitu kimoja kwenye programu zote. Hapana.

Kwenye tablo ya Google, kila mara unapomaliza kuandika ndani ya kisanduku na kubonyeza Entrée, neno lile linatumwa kwa mashine za Google, mbali na hapa. Ordinatere yako ikizimika ao ikiibwa, kazi iko kule.

Kwenye Excel, ile alama ya "Enregistrement automatique" inafanya kazi tu kama una abonema ya Microsoft 365 na faili yako iko kwenye OneDrive ao SharePoint, ni kusema kwenye intaneti. Kama faili iko ndani ya ordinatere yako tu, Excel inafanya kitu kingine: inachukua kopi ya dharura, kwa kawaida kila dakika 10, ili ukianguka ikusaidie kuamka. Hiyo si kuhifadhi. Ukifunga mwenyewe na kujibu vibaya, usihesabie sana kopi ile. Kwa hiyo mwenye Excel bila intaneti aendelee na tabia ya zamani: Ctrl na S, kila mara.

Na intaneti ikikatika, ao mega zikiisha? Google inaweza kuendelea kuandika ndani ya ordinatere na kutuma baadaye, lakini ni lazima uwe umeiruhusu mbele, wakati koneksio iko, kwenye mipangilio ya Drive, fasi panaandikwa "Hors connexion". Kwenye ordinatere hiyo inatumika na Chrome ao Edge. Usipofanya hivyo, siku koneksio inakatika utabaki unatazama tablo bila kuweza kuandika.

Pili: swali lililopotea

Zamani, ukitaka kufunga faili, ordinatere ilikuuliza: "Voulez-vous enregistrer?" Ilikuwa inachosha, kweli. Lakini swali lile lilikuwa mlango. Kama umeharibu tablo, unajibu "Non", unafungua tena, na kila kitu kiko sawa kama asubuhi. Kuhifadhi kwenyewe kumeondoa mlango ule. Hakuna tena "Non". Ulichoandika kimeingia, kizuri ao kibaya.

Hapa kwetu redioni tulilipa somo hilo. Redio ndogo kama yetu inaishi na matangazo: komunike ya msiba, ya harusi, ya kitambulisho kilichopotea. Tunaandika kwenye tablo ya Google: jina la aliyeleta, tarehe, mara ngapi itasomwa, pesa alizolipa na zilizobaki. Siku moja mimi mwenyewe nilitaka majina yapangwe kwa alfabeti. Nilichagua kolone ya majina peke yake, nikabonyeza "Trier la plage". Majina yalipangwa vizuri sana. Pesa hazikutembea.

Unaelewa kilichofuata. Mama aliyelipa yote alionekana ana deni, na mtu aliyekuwa na deni ya wiki mbili alionekana hana kitu. Hakuna aliyeona siku ile. Tulikuja kushtuka siku ya tatu, pale mama mmoja alipofika na risiti yake mkononi, uso umebadilika, anauliza juu ya nini tunamwita mdeni. Alikuwa na haki. Kwa siku tatu programu ilikuwa imechunga kosa langu kwa uaminifu wote.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho wengi wanacho na hawajakifungua hata mara moja. Kwenye tablo ya Google, ingia "Fichier", kisha "Historique des versions", kisha "Afficher l'historique des versions". Upande wa kuume utaona orodha ya siku na saa, na jina la aliyebadilisha. Unabonyeza siku fulani, unaona tablo sawa vile ilikuwa. Fanya kazi hiyo kwenye ordinatere, kwenye telefone ni shida.

Hapo kuna mtego. Ukibonyeza "Restaurer cette version", tablo yote inarudi nyuma, pamoja na kazi nzuri mliyofanya baadaye. Sisi matangazo ya siku tatu yangepotea machoni. Basi tulitengeneza kopi ya tablo ya zamani, tukaiweka pembeni, tukasahihisha majina mstari kwa mstari. Ilituchukua jioni nzima. Na asubuhi tulimwita yule mama kumwomba msamaha.

Tangu pale tuna desturi: jioni ya kila Ijumaa tunabonyeza "Nommer la version actuelle", tunaandika "Hesabu imehakikishwa" na tarehe. Tablo moja ya Google inakubali majina 15 ya namna hiyo, basi tunafuta ya zamani sana. Hivi, tukipotea njia, tunajua ni fasi gani tulikuwa bado salama.

Tatu: pale mashine ingine inasoma tablo

Sasa tuje kwenye jambo lenye hatari zaidi. Vijana wengi wa informatiki wanatengenezea wafanya biashara mipango inayofanya kazi yenyewe. Wanatumia programu kama Make, Zapier, ao Apps Script ya Google. Mteja anajaza fomu, tablo inajaa, fakture inatoka, SMS inaenda. Mwenye depo analala, kazi inatembea.

Tuchukue mfano. Depo moja ya vifaa vya ujenzi mjini Butembo inakopesha wateja wake wa kila siku. Mtoto wa kazi anaandika deni kwenye tablo. Programu ya Make inapita na kutazama tablo. Kwa asiyelipa abonema, inaweza kupita kila dakika 15. Ikikuta mstari mpya, inaandika SMS: "Papa, tunakukumbusha deni yako ya dola..." na inatuma.

Saa nane kamili mtoto anaandika jina la mteja, namba yake, na deni: 1500. Alitaka kuandika 150. Mteja mwingine anaingia, anauliza bei ya manjanja, mtoto anasimama kumhudumia. Saa nane na dakika tano anarudi, anaona kosa, anasahihisha. Tablo ni safi. Lakini saa nane na dakika mbili Make ilikuwa imepita.

Mzee yule amepokea SMS ya dola 1500, pengine akiwa mbele ya watu, pengine telefone iko mkononi mwa bibi yake. "Historique des versions" inaweza kurudisha tablo, lakini SMS haiwezi kuirudisha. Na kwetu deni si namba tu, ni jina la mtu. Mteja wa miaka kumi anaweza kuhamia depo ya jirani kwa SMS moja.

Kosa ni la nani? Mtoto alikosea kama mtu yeyote. Google ilichunga kama ilivyoahidi. Make ilituma kama ilivyoagizwa. Kinachokosekana ni ule mlango tuliosema juu, lile swali la "Voulez-vous?" Lilipoondoka, hakuna aliyeweka lingine.

Namna ya kurudisha mlango

Hii haiombi pesa, inaomba kolone mbili tu mwishoni mwa tablo.

Ya kwanza iite TAYARI. Mtu anamaliza mstari, anausoma tena kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha anaandika NDIYO. Kama depo ina watu wawili, aliyeandika asiwe ndiye anayeweka NDIYO. Ya pili iite IMETUMWA. Hiyo mkono wa mtu hauigusi. Programu yenyewe ndiyo inaandika tarehe baada ya kutuma.

Kisha mwambie kijana wako wa informatiki asiiagize programu "tazama mistari mipya." Mstari mpya unaweza kuonekana ungali nusu, na ukishapitwa hivyo, programu inaweza isiurudilie tena. Aiagize hivi: "Tafuta mistari yenye NDIYO kwenye TAYARI, na ambayo IMETUMWA iko wazi." Hapo mstari wa nusu unangoja, na hakuna mteja anayepata SMS mara mbili. Kwenye Zapier pia kuna namna ya kusema programu iangalie kolone moja tu, ianze kazi pale ile kolone inapobadilika.

Jambo lingine ni mpango wenyewe, si tablo. Siku unataka kubadilisha maneno ya SMS, uliza kwanza: nikibadilisha, inaanza kutumika lini? Kwenye Zapier, mabadiliko yanachungwa kama rasimu, na mpango wa zamani unaendelea mpaka ubonyeze kitufe cha kutangaza mpya. Kwenye Make ni wewe unabonyeza alama ya kuhifadhi. Usipobonyeza, mabadiliko hayaingii, na ukibonyeza huku mpango unatembea, mara inayofuata utatumia maneno mapya. Apps Script nayo kwa kawaida ni hivyo. Basi kama unajaribu, zima mpango kwanza, na weka namba yako mwenyewe fasi ya namba za wateja. SMS ya kwanza yenye makosa ikupate wewe.

Kuchunga si kuwa na kopi

Neno la mwisho. Kuna wenye biashara wanasema: "Niko salama, yote iko Google." Tuulize: kwa jina la nani? Mara nyingi tablo iko kwenye konto ya mtoto wa kazi, juu ndiye alikuwa na adresi ya Gmail. Siku mnagombana na anaenda, anaenda na kaye yote ya madeni, na hata akiifuta hauna la kusema. Kitu kilichotupwa kwenye kikapu cha Google Drive kinakaa siku 30, kisha kinaondoka. Tablo iwe ya konto ya biashara, neno la siri lijulikane na mwenye biashara, na wafanya kazi wapewe ruhusa ya kuandika tu.

Na mara moja kwa wiki, ingia "Fichier", "Télécharger", chukua kopi ya Excel, iweke kwenye fleshi, fleshi ikae nyumbani, si ndani ya depo. Moto ukiwaka ao wezi wakiingia, fleshi isiwe pamoja na ordinatere.

Kama una tablo ya biashara, jioni ya leo, mbele ya kufunga mlango wa depo, fungua "Historique des versions" utazame tablo yako ilivyokuwa wiki iliyopita. Hesabu madeni ya siku ile, linganisha na ya leo. Ukikuta tofauti ambayo hakuna anayeweza kueleza, afazali uikute wewe leo, kuliko mteja aikute kesho kwenye telefone yake.